Ethiopia: Mwinuko wa Ardhi na Maisha ya Watu

Msomaji wangu, ukiitazama ramani ya Afrika utaiona Ethiopia, jirani wa Kenya upande wa kaskazini, imelala baina ya nyuzi 3 na nyuzi 15 kaskazini mwa ikweta. Kwa kuitazama latitudo peke yake ungedhani kwamba nchi nzima huungua kwa joto. Hata hivyo, mgeni anayefika Addis Ababa mwezi wa Julai hukuta baridi, ukungu na mvua ya karibu kila siku, na wenyeji wamejitanda shuka nzito za pamba. Mji huo umejengwa zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 anazopanda mtu, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi.

Katika Ethiopia, basi, uliza kwanza mahali pako juu kiasi gani, ndipo uulize pako wapi. Kilele cha Ras Dashen katika milima ya Semien kimepita mita 4,500. Katika nchi hiyohiyo, bonde la Danakil limezama zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, na huko Dallol wastani wa joto kwa mwaka ni kama nyuzi 34. Kati ya ncha hizo mbili zimeenea nyanda za juu, zilizopasuliwa vipande viwili na Bonde la Ufa, lilelile linaloshuka kupitia Ziwa Turkana hadi Kenya na Tanzania. Upande wa magharibi mito ya Abay na Tekeze imechimba makorongo ya kutisha. Upande wa mashariki, baada ya milima ya Bale na Arsi, ardhi huteremka polepole mpaka tambarare kavu za Ogaden.

Wenyeji hawakusubiri vitabu vya jiografia ili wayajue haya. Tangu zamani wameigawa nchi yao kwa ngazi: kolla ni chini kwenye joto, woina dega ni katikati, na dega ni juu kwenye baridi. Kolla hulimwa mtama, woina dega hulimwa teff, nafaka ndogo ya kuokea injera, na dega hulimwa shayiri. Mtu wa dega akishuka kolla hubadili chakula, mavazi na hata maradhi, kwa maana mbu wa malaria hustawi chini na hushindwa na baridi ya juu. Likumbuke neno hili la malaria, tutalirudia.

Mvua nayo hutii milima. Kuanzia Juni hadi Septemba ukanda wa mvua hulifuata jua kuelekea kaskazini, na pepo zenye unyevu hugonga miinuko, hupanda, hupoa na kumwaga maji. Majira hayo huitwa kiremt. Kabla yake, baina ya Februari na Mei, huja mvua ndogo ya belg. Danakil, iliyo nyuma ya milima, hubaki katika kivuli cha mvua. Kusini, karibu na mpaka wa Kenya, mvua huja mara mbili kwa mwaka kama masika na vuli zetu.

Majemadari walilazimika kuijua kalenda hii. Mwaka 1868 Uingereza ilipotuma jeshi kumpiga Mfalme Tewodros wa Pili, aliyewashika mateka wa Kizungu, Jenerali Napier alitua pwani ya Bahari ya Shamu na kupanda milima katika miezi mikavu, akiwa na ndovu wa kubeba mizinga kutoka India. Ngome ya Magdala, iliyokuwa juu ya mlima wenye kilele bapa, ilianguka tarehe 13 Aprili. Mfalme alijiua, na Waingereza wakafanya haraka kuondoka kabla kiremt haijajaza mito.

Mvua ikikosekana, gharama ni kubwa zaidi. Njaa ya Wollo ya mwaka 1973, ambayo serikali ilijaribu kuificha, ilisaidia kumwangusha Mfalme Haile Selassie mwezi wa Septemba 1974. Miaka 10 baadaye mvua ziliadimika tena Wollo na Tigray, na vita baina ya serikali ya Mengistu Haile Mariam na waasi vikafunga njia za chakula. Ukame uliuanza msiba ule, binadamu wakauzidisha.

Hapo serikali ikaamua kuwahamisha watu wa kaskazini, karibu 600,000, na kuwapeleka kusini-magharibi na magharibi ambako mvua ni nyingi. Wengine walijitolea, wengine walikamatwa kwa nguvu. Kwa mtu anayetazama kipimo cha mvua tu, hesabu ilionekana sawa: watoe penye ukame, wapeleke penye maji. Lakini sehemu kadhaa walizopelekwa, kama Gambella na Metekel, zilikuwa kolla. Wakulima waliozaliwa kwenye ubaridi wa nyanda za juu, waliozoea kulima shayiri na teff kwa maksai, walishushwa katika joto na malaria ambayo miili yao haikuwa na kinga nayo. Maelfu walikufa. Nao wenyeji wa Gambella, wakiwemo Waanuak, waliona ardhi yao ikigawiwa watu wasiowajua.

Utawala huo ulipoanguka mwaka 1991, wengi wa waliohamishwa hawakungoja kuambiwa. Walifunga mizigo yao, wakaanza kupanda kurudi dega.