Pamba, sufu au sponji? Ujazo ufaao kwa vishikio vya sufuria

SUFURIA zinazotumika katika nyumba nyingi nchini hazina mikono, ila ukingo mwembamba tu. Anayeipua uji au maharagwe hana budi kuushika ukingo huo, na aghalabu kinachomkinga ni kishikio alichojishonea kwa mabaki ya vitambaa. Kishikio kikipitisha joto ghafla, mkono huachia, na wa kwanza kumwagikiwa huenda akawa mtoto aliye karibu.

Kosa la kawaida ni kukijaza poliesta ya mito au sponji ya godoro. Poliesta huyeyuka inapofikia nyuzi 250 hivi za Selsiasi, na hulainika kabla ya hapo. Maji yachemkayo hayapiti nyuzi 100, lakini kitako cha sufuria kilichokuwa juu ya makaa, au kikaango kikavu, huweza kuzidi hapo kwa mbali. Poliesta iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuendelea kuiunguza. Sponji nayo hushika moto upesi na moshi wake una sumu.

Pamba haiyeyuki. Ikizidiwa na joto hugeuka rangi na kutoa harufu, jambo linalompa mpishi nafasi ya kutahadhari. Tabaka mbili nene, hata za taulo kuukuu, zafaa. Sufu ni bora zaidi kwa kuwa haishiki moto kwa urahisi. Sweta ya sufu ya mitumba ikifuliwa kwa maji moto hunywea na kuwa nzito, ikawa ujazo mzuri. Ila msomaji asichanganye sufu, yaani manyoya ya kondoo, na sufi ya mti wa msufi: ni tofauti ya herufi moja tu, lakini sufi huwaka kwa wepesi mno.

Ikiwa kitambaa hakina lebo, chomoa nyuzi chache uzichome juu ya sahani ya bati. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Sufu hunuka kama nywele na kuzimika yenyewe. Poliesta hujikunja ikawa kidonge kigumu. Ukipata jivu pamoja na vidonge, huo ni mchanganyiko, uache.

Upo pia ujazo wenye utando unaong'aa. Utando huo hurudisha joto la mnururisho, lakini joto la kugusana hupenya, hivyo uzungushiwe pamba. Usitiwe katika maikrowevu, kwani chuma huweza kutoa cheche.

Mfuko wa kubebea sufuria una sharti tofauti. Ubavuni poliesta yaweza kutumika, maadamu kazi yake ni kuhifadhi joto la chakula kilichokwisha kuipuliwa. Kitakoni weka pamba au sufu, na sufuria ipoe kidogo kabla ya kutiwa. Uzi nao uwe wa pamba.

Hata hivyo, ujazo wowote ukilowa haufai kitu, kwa sababu maji hupitisha joto haraka kuliko hewa iliyo kati ya nyuzi. Shona vishikio jozi mbili, ili moja itumike nyingine ikikauka.