Aliyefungwa Akishika Ufunguo



Mtu akishuka kutoka hapa kwetu mpaka Nakuru, akashika barabara kuu iendayo Nairobi, baada ya Elementaita hufika Gilgil. Wengi wetu tumepita Gilgil mara nyingi, tusijue kwamba vita vya Wayahudi na Wapalestina, ambavyo twavisikia katika habari kila siku, viliwahi kuacha alama katika udongo ule. Leo twataka kuisimulia habari hiyo, maana ina neno kwetu.

Zamani hizo Waingereza walitawala Kenya, na Palestina pia, waliyoiteka kutoka kwa Waturuki katika Vita Kuu ya Kwanza. Wayahudi walitaka taifa lao katika nchi ile. Waarabu waliokuwa wakiishi humo walikataa kunyang'anywa kwao. Vikundi viwili vya siri vya Kiyahudi, Irgun na Lehi, vikashika silaha kuwapiga Waingereza. Mwezi wa Oktoba 1944 serikali ikawapakia watu 251 katika ndege, ikawapeleka Eritrea. Hawakufikishwa mahakamani. Ilitosha kwamba walishukiwa. Wengine wakafuata, na mwaka 1947 wakahamishiwa Gilgil.

Tusiseme kwamba vikundi vile havikuwa na damu mikononi. Tarehe 22 Julai 1946 Irgun walilipua hoteli ya King David mjini Yerusalemu, wakafa watu 91, Waarabu, Waingereza na Wayahudi. Lakini kosa la mtu huamuliwa na hakimu, naye mshtakiwa akiwapo ajitetee. Watu wa Gilgil walikaa nyuma ya seng'enge bila kujua siku ya kutoka. Walichimba mahandaki, wakajaribu kutoroka, wengine wakafaulu. Kijana mmoja, Meir Shamgar, alitumia miaka yake ya kizuizini kusoma sheria kwa posta. Mwingine aliitwa Shmuel Tamir.

Taifa la Israeli lilitangazwa tarehe 14 Mei 1948, na mwezi wa Julai watu wa Gilgil wakarudishwa kwa meli. Bila shaka walilia machozi ya furaha. Lakini mwezi uo huo wa Julai, katika miji ya Lydda na Ramle, Wapalestina kati ya 50,000 na 70,000 walifukuzwa makwao na jeshi la Israeli, wakatembea kwa miguu juani, na wengine wakafia njiani. Miongoni mwao alikuwamo mvulana wa miaka 11, Audeh Rantisi, ambaye baadaye alikuwa kasisi wa Kianglikana kama sisi. Huyu anaingia nyumbani, yule anatolewa nyumbani.

Je, wale waliofungwa Gilgil walifanya nini walipopata mamlaka? Shamgar akawa mwanasheria mkuu wa jeshi, na Israeli ilipoteka Ukingo wa Magharibi na Gaza mwaka 1967, yeye ndiye aliyepanga misingi ya sheria ya kutawala sehemu hizo. Kuanzia 1983 hadi 1995 alikuwa rais wa Mahakama Kuu ya Israeli. Tamir akawa waziri wa sheria. Zile kanuni za hatari za Waingereza, zilizoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila mashtaka, hazikutupwa. Mwaka 1979 Tamir alipitisha sheria mpya iliyompa aliyekamatwa haki ya kufikishwa mbele ya jaji. Twamsifu kwa hilo. Hakuwa amesahau Gilgil kabisa. Lakini kizuizi chenyewe kilibaki, na Wapalestina wa sehemu zilizotekwa waliendelea kuzuiliwa kwa amri za jeshi. Mwaka 2024 waliozuiliwa hivyo walizidi 3,000.

Ndugu msikilizaji, usiharakishe kuwanyoshea kidole. Sisi nasi tuna habari yetu. Mzee Jomo Kenyatta alikamatwa na Waingereza mwaka 1952, na hata alipomaliza kifungo chake cha jela wakamzuia Lodwar. Taifa zima lililia aachiliwe. Tulipata uhuru mwaka 1963. Kufika 1966, katika serikali yake huyo huyo Mzee, Wakenya walikuwa wanazuiliwa bila kushtakiwa. Koigi wa Wamwere, aliyekuja kuwa mbunge wetu wa Subukia mwaka 2002, alikaa kizuizini tangu 1975 hadi 1978, na tena chini ya serikali iliyofuata. Ufunguo ulibadilisha mkono tu. Mlango ulikuwa ule ule.

Wala si wenye serikali peke yao wanaofunga. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliingia Israeli, wakaua watu wapatao 1,200, wakachukua mateka 251, wakiwamo watoto na vikongwe. Vijana wawili wa Tanzania waliokwenda kujifunza kilimo waliuawa siku ile. Waliofanya hayo walijua vema uchungu wa mama asiyejua mwanawe amefungwa wapi, maana uchungu huo umo katika nyumba nyingi za Gaza. Kujua hakukuwazuia. Kisha Israeli ikaipiga Gaza, na kufikia Agosti 2025 wizara ya afya ya huko ilikuwa imehesabu wafu zaidi ya 60,000.

Twadhani mara nyingi kwamba mateso humfundisha mtu huruma. Habari ya Gilgil yatuonya kwamba mateso peke yake hayafundishi. Yaweza kumfundisha mtu namna ya kufunga seng'enge tu. Ndiyo maana katika Kutoka, sura ya 23, Mungu hakuwaachia Waisraeli wajikumbukie wenyewe. Aliwaamuru wasimwonee mgeni, kwa sababu wao walijua moyo wa mgeni tangu siku zao za Misri. Kukumbuka kumewekwa kuwa amri, kwa kuwa aliyeshiba husahau njaa upesi.

Basi tukizungumza juu ya vita hivi, makanisani na sokoni, tusigawanyike kama washangiliaji wa mpira. Tuulize kwanza: ni nani usiku huu amefungwa bila kusikilizwa, na ni nani anamngoja nyumbani? Tukimwombea mama wa Kiyahudi, tumwombee na mama wa Kipalestina, kwa pumzi moja. Na kila mmoja wetu mwenye ufunguo wo wote, wa ofisi, wa shamba au wa nyumba yake, autazame leo jioni, akumbuke siku aliyokuwa nje ya mlango akibisha.

Bwana awape usiku mwema.