Trela kwa gari dogo: Uzito uelekee mbele
Gari lenye injini ndogo laweza kuvuta trela dogo, mradi uzito wa trela pamoja na shehena usizidi kiwango kilichowekwa na watengenezaji wa gari. Hatari kubwa hutokana na upakiaji. Mizigo ikirundikwa nyuma ya ekseli ya trela, huinua sehemu ya nyuma ya gari. Tairi hupoteza mshiko na trela huyumba. Takriban asilimia 60 ya mizigo yapaswa kuwa mbele ya ekseli.

Trela likiyumba, dereva aondoe mguu polepole kwenye mafuta na kushika usukani imara, bila kufunga breki ghafla. Katika miteremko kama ya Mai Mahiu, atie gia ya chini kabla ya kushuka, breki zisije zikachemka na kumsaliti.