Rangi ya Ndege ya Wajapani

Habari tutakayoieleza jioni hii ni ya kitu kidogo kiwezacho kukaa kiganjani: mfano wa ndege ya vita ya Wajapani, tulioutengeneza chuoni petu hapa Arusha pamoja na wanafunzi wetu wa ualimu, tukaupaka rangi isiyo yake.

Mwaka 2011 tulitaka kuweka katika chumba cha historia vitu vichache vya kuwaonyesha wanafunzi kwamba wazee wa Meru na Arusha nao walikwenda katika Vita Vikuu vya Pili. Habari za wakimbizi wa Kipolandi waliokaa Tengeru tangu mwaka 1942 zajulikana na wengi, maana makaburi yao yapo pale hata leo. Habari za vijana wetu walioingia Keya, yaani King's African Rifles, hazijulikani sana, maana waliokufa walizikwa mbali. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake vilikuwamo vikosi vya Tanganyika, ilipigana katika bonde la Kabaw nchini Burma, iitwayo leo Myanmar, katika majira ya mvua ya mwaka 1944. Ilipita katika matope na homa, ikautwaa mji wa Kalewa, penye mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba mwaka huo.

Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwako huko. Basi tulipokwisha kutengeneza mfano wa ndege ya adui, tulimpelekea yeye kwanza. Ulikuwa mfano wa Zero, maana hiyo ndiyo ndege ya Kijapani iliyomo katika kila kitabu cha picha. Tuliupaka rangi ya majivu yenye kung'aa, pua nyeusi, na duara nyekundu za jua katika mabawa. Mzee aliuchukua, akausogeza dirishani, akaugeuza juu chini.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii ni safi mno. Ile iliyotupitia pale mtoni ilikuwa kama bati lililopakwa rangi ya majani, kisha rangi ikabanduka."

Tukamjibu, "Babu, kitabu kinasema ni rangi ya majivu."

Hakubishana nasi. Aliuweka mfano mezani polepole, akaomba chai. Nasi tulirudi chuoni tukiamini ya kuwa ni uzee, na mfano ule tukauandikia kibandiko: ndege iliyopigana na askari wetu Burma. Ulikaa hivyo miaka mingi, na wanafunzi wakainakili habari hiyo katika madaftari yao.

Ama kweli kosa lilikuwa letu, na kiini chake ni hiki. Japani wakati ule haikuwa na jeshi la anga lililosimama peke yake. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na ndege zake, na jeshi la maji lilikuwa na zake, tena kila moja liliagiza ndege zake na kuzipaka rangi kwa kanuni zake. Zero ilikuwa ya jeshi la maji. Iliitwa hivyo kwa sababu mwaka 1940 ulikuwa mwaka wa 2600 kwa hesabu ya Kijapani, nao ukaishia kwa sifuri. Ndizo zilizopiga Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941 na Colombo tarehe 5 Aprili 1942, mashambulio yaliyofanya manowari nyingi za Waingereza zikimbilie Kilindini, Mombasa. Siku hizo zilikuwa za rangi ya majivu kweli. Lakini ndege ya vita ambayo askari waliokuwa katika misitu ya Burma waliiona zaidi ilikuwa ya jeshi la nchi kavu: Nakajima Ki-43, iliyoitwa Hayabusa, yaani kozi. Kwa umbo zafanana kama ndugu. Zote mbili zina injini moja ya duara, bawa la chini, na magurudumu yenye kukunjwa. Hata marubani wa Kiingereza na wa Kimarekani walizidhania kuwa moja mara nyingi.

Hayabusa nyingi zilipakwa kijani juu, nyingine kwa madoadoa juu ya bati tupu. Mara nyingi rangi hiyo ilipakwa bila rangi ya kwanza ya kushikiza, basi kwa jua na mvua za nchi zile ilibanduka vipande vipande, bati likang'aa katikati ya kijani. Tulipoyasoma hayo tuliufunga ule ukurasa tukakaa kimya. Mzee alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 2014.

Tukaanza upya, kwa mbao ya mgrivea, kila sehemu ikiwa moja kwa 72 ya ndege yenyewe. Bawa la Hayabusa ya namna ya pili ni mita 10.84 toka ncha hata ncha, basi letu likawa sentimita 15 tu. Kazi ya kuchonga haikutushinda. Rangi ndiyo iliyotutaabisha. Picha za wakati ule ni nyeusi na nyeupe, tena filamu nyingine za zamani haziuoni wekundu, hata duara nyekundu ikatoka kama nyeusi. Basi atakaye kujua rangi kwa kuitazama picha tu atapotea. Majina nayo hayasaidii sana. Wajapani, kama sisi tusemavyo majivu, majani na udongo, huita rangi kwa vitu: rangi ya kukinga kutu ndani ya ndege zao iliitwa mwanzi mbichi, na neno lao "ao" laweza kuwa samawati au kijani.

Tena kuna jambo la umbali. Atokaye Makuyuni huuona Mlima Meru wa samawati hafifu, na akifika chini yake huona msitu wa kijani kilichoiva. Hewa huipausha rangi. Mfano mdogo ukiupaka rangi ile ile ya ndege yenyewe utaonekana mweusi kupita kiasi, maana huutazama kama kitu kilicho mbali. Kwa hiyo kijani chetu tulikitia nyeupe kidogo.

Kwanza tulipaka rangi ya fedha mwili mzima. Ilipokauka tulilowesha mabawa kwa maji, tukanyunyiza chumvi ya jikoni, kisha juu yake kijani cha kunyunyizia. Siku ya pili tuliisugua chumvi kwa kidole, na kila punje ilipotoka iliacha doa la bati. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba tumeiharibu ndege nzuri.

Tulimpelekea Bibi, mjane wa mzee. Aliutazama kwa muda, akasema, "Ndiyo hiyo aliyokuwa akiisema," akaurudisha mikononi mwetu.

Ule mfano wa kwanza hatukuutupa. Wakaa kando ya wa pili, na kibandiko chake kipya chasema: ndege ya jeshi la maji la Japani, Colombo, Aprili 1942.