Sketi za kaka na kiatu cha kukulia

Niko kimbwetani toka asubuhi, nilitakiwa nisome saikolojia ya elimu, lakini akili imehamia Kanada kwa kaka yangu. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Nimenunua sketi ila zinanitesa." Nilicheka mpaka watu wakageuka! Kumbe anasema vile viatu vyenye chuma chini, vya kutelezea kwenye barafu. Kanunua vya mtumba, vimemzidi namba mbili, akajaza soksi tatu. Kila akisimama vifundo vinalala kwa ndani. Eti mguu wa Mswahili haukuumbiwa barafu, anaacha. Na wenzake wa kazini ndiko wanakokutana Jumamosi, asipoenda anabaki chumbani peke yake.

Mie nasoma historia, hilo la mguu wa Mswahili likanikera, nikaingia maktaba.

Hao wazungu wenyewe walianza na mifupa. Mfupa wa mguu wa farasi au ng'ombe unachongwa upande mmoja uwe bapa, unafungwa chini ya kiatu kwa kamba ya ngozi. William Fitzstephen, aliyeandika habari za London karne ya 12, anawaeleza vijana wa Moorfields wakiteleza hivyo huku wanajisukuma kwa fimbo zenye ncha ya chuma. Fimbo ilikuwa lazima, maana mfupa hauna makali ya kukamata barafu. Ukisukuma kwa mguu unateleza pembeni tu. Waholanzi ndio waliokuja kutumia sana ubao wenye ukingo wa chuma chini yake, na hapo mguu ukaanza kusukuma wenyewe.

Ila angalieni kitu kimoja. Karne zote hizo chuma kilikuwa mbali na kiatu. Unavaa kiatu chako cha kila siku, unafunga ubao kwa mikanda, basi. Namba ya nini? Shida ilikuwa mikanda: ikilegea chuma kinahama, ukiikaza mguu unakufa ganzi. Katikati ya karne ya 19 E. V. Bushnell wa Philadelphia akatengeneza vya chuma kitupu vyenye vibanio vya kushika soli. Halafu miaka ya 1860 akatokea Jackson Haines, Mmarekani mcheza dansi, ambaye alikaza chuma moja kwa moja kwenye buti ili aweze kuruka na kuzunguka bila kitu kuchomoka. Kwao hawakumuelewa sana, akaenda Ulaya, Vienna wakampenda, akafia Finland mwaka 1875.

Kwangu mie, tatizo la kaka linaanzia kwa Haines. Tangu buti na chuma viwe kitu kimoja, kiatu kikipwaya na chuma kinapwaya. Kile chuma kina unene wa milimita tatu au nne hivi, na hapo hapo kina makali mawili. Kisigino kikiinuka ndani ya buti, chuma kinalala kabla wewe hujataka. Halafu watu wanasema una vifundo dhaifu, kumbe kiatu!

Na huo ugonjwa wa namba kubwa tunajua tulikoutoa. Nani hapa hakununuliwa kiatu cha kukulia? Mama alikuwa anajaza magazeti mbele, kaka akavaa jozi moja toka la tano mpaka la saba. Simlaumu mama, hela ilikuwa ya kubana kweli. Lakini barafu haikusubiri ukue.

Nikamwandikia: soksi moja nyembamba, upimwe umesimama, uzito wote mguuni. Kabla ya kufunga kamba, sogeza mguu mpaka mbele. Nyuma ya kisigino kikiingia zaidi ya kidole kimoja, rudisha. Ukishafunga na kusimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu, na ukikunja magoti kisigino kisihame. Na usishangae namba ikiwa chini ya ile ya raba zako.

Juzi akaenda dukani kwa fundi anayepima. Akatoka na jozi nyingine, mtumba vile vile, namba moja na nusu chini ya raba zake. Jana katuma picha: kashikilia ukuta kwa mikono miwili, macho yamemtoka, lakini vifundo vimenyooka.

Nikampigia mama kumsimulia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mwakani atavaa nini?"