Mlolongo wa Juja

Ukimtajia kijana wa Ruiru neno mlolongo, atadhani unaongelea ule mji wa Barabara ya Mombasa. Kwa wazazi wake ni neno la kura.

Enzi hizo Thika na Ruiru zilikuwa eneo bunge moja, Juja. Februari 1988 wanachama wa KANU, na chama kilikuwa hicho kimoja tu, waliambiwa wapange foleni nyuma ya wakala au picha ya mgombea wanayemtaka. Vichwa vikahesabiwa, matokeo yakatangazwa, watu wakaenda zao. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alikuwa mbunge tayari, hakungoja kura ya siri ya Machi. Sasa ukitaka kulalamika, ushahidi wako ni upi? Karatasi hakuna, foleni imeshatawanyika. Kote nchini kulisikika visa vya foleni fupi kuishinda ndefu.

Watu huutaja wizi huo sana na kusahau woga. Thika ni mji wa viwanda. Hebu mfikirie kibarua uwanjani: chifu anamwona, mwenye nyumba anamwona, nyapara anamwona. Mzee mmoja jirani yangu pale Makongeni huniambia alisimama aliposimama nyapara wake, basi.

Viongozi wa makanisa waliupinga utaratibu huo tangu 1986. Desemba 1988 Kenneth Matiba akajiuzulu uwaziri akilalamikia wizi katika uchaguzi wa chama, nao pia ulikuwa wa foleni. KANU iliufuta mlolongo Desemba 1990, na mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi. 1992 Juja ikamchagua Stephen Ndicho wa FORD-Asili, chama cha Matiba huyo huyo.

Tangu hapo watu wa huku wameitumia siri ya debe kwa ukaidi unaonifurahisha. 2002, NARC na KANU zikigombania nchi, Juja ilimpa William Kabogo kiti kwa tiketi ya Sisi Kwa Sisi. 2017, Jubilee ikitamba Kiambu, Thika ilimchagua Patrick Wainaina, mgombea huru. Kwenye mlolongo, nani angethubutu kuwa wa kwanza kusimama nyuma yake?

Kinachonikera siku hizi ni uzito wa kura yenyewe. Katiba ya 2010 iliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290, na 2013 Thika Mjini na Ruiru zikapata kila moja mbunge wake. Lakini Ruiru, mashamba yake ya kahawa yakigeuka ploti, haikuacha kujaa. Sensa ya 2019 ilihesabu Ruiru watu 371,111, na Lamu Mashariki 22,258. Kila upande mbunge mmoja. Lamu ina visiwa na umbali wake, sawa, wala simnyimi mtu wa Kiunga mbunge. Lakini karibu mara kumi na saba? Mipaka ilipaswa kupitiwa upya kufikia Machi 2024. Tume ya uchaguzi ilikuwa haina makamishna, wapya wakaapishwa Julai 2025, na tarehe ilikuwa imeshapita huku Ruiru ikiendelea kupanda maghorofa.