Mashine ya kutoboa na kujalidi nyaraka

Mashine ya kutoboa na kujalidi nyaraka ni kifaa cha ofisi kinachotoboa ukingo wa karatasi na kuzifunga pamoja kwa kitana cha plastiki au waya. Olkaria, Kaunti ya Nakuru, ambako umeme wa jotoardhi huzalishwa tangu 1981, wakandarasi huihitaji kwa ripoti, tathmini za mazingira na zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 hudai kurasa za zabuni zipewe nambari mfululizo. Ukurasa mmoja ukichomoka, pengo huonekana.

Uchaguzi. Kitana hupita kwenye matundu 21 ya karatasi ya A4 na hufunguka tena, hivyo hufaa rasimu zinazobadilishwa. Waya wa pete pacha huacha kitabu kilale wazi mezani, lakini haufunguliwi bila kuharibika: wa matundu 34 ni wa vitabu vyembamba, wa 23 vinene. Mnunuzi aangalie kwanza idadi ya karatasi zinazotobolewa kwa mkupuo, kwani ndiyo huamua kasi ya kazi. Mashine ya mkono hutosha ofisi ndogo. Penye nakala nyingi, ya umeme ni bora.

Utunzaji. Ifunikwe dhidi ya vumbi, na droo ya vipande imwagwe kabla haijajaa, la sivyo meno hukwama.